Mikono ya Bikira Maria

"Huyu naye amelima kwa nani?"

Mama aliyeuliza alikuwa amesimama chini ya jukwaa, kanga begani, ndoo ya maji ya kudekia mkononi. Mimi nilikuwa juu ya mirunda, nikimalizia vidole vya Bikira Maria kwenye ukuta wa nyuma ya altare, katika kigango kimoja cha mlimani juu ya Moshi. Nilidhani ananitania, nikacheka. Hakucheka. Akamwita mwenzake aliyekuwa anafuta mabenchi, wakawa wawili, mara wakawa watano, na hapo nikajua kazi imeingia mdudu.

Mikono ile ilikuwa ya bibi yangu. Sikuiiga popote, naijua hata nikifumba macho. Vifundo vimevimba, kucha fupi, na kwenye mikunjo ya vidole ule weusi wa utomvu wa ndizi ambao sabuni inaupapasa tu. Kila mwanamke aliyekuwa chini yangu pale alikuwa na mikono ya namna hiyo. Na hao ndio waliosema Mama wa Mungu hawezi kuwa nayo.

Nimechora kwa zaidi ya miaka ishirini: kuta za makanisa kumi na kitu kati ya Moshi na Arusha, na picha za sebuleni ambazo sikuwahi kuzihesabu. Malalamiko niliyopata karibu yote yalihusu mwili. Ndevu, nywele, kifua, taya, mikono. Hakuna aliyewahi kunirudisha kazini kwa ajili ya mafundisho ya imani. Hata siku nilipokosea hesabu ya mitume nikawachora kumi na watatu, Yesu hayumo, aliyegundua ni mtoto, tena baada ya miezi miwili.

Nilianzia kwa baba mdogo, aliyekuwa na kibanda cha kuandika vibao karibu na soko la Mbuyuni. Vibao vya saluni, vya bucha, maandishi ya ubavuni mwa daladala. Uanaume na uanamke niliusomea kwenye vibao vya vinyozi. Baba mdogo alikuwa na kanuni moja fupi: "Mwanaume ni taya, mwanamke ni shingo." Ukitaka mtu asiyejua kusoma atambue hii ni saluni ya kiume, weka taya lenye kona na kivuli chini ya mdomo. Ya kike, refusha shingo, laza kope. Vilivyobaki, alisema, ni kumaliza rangi ya watu bure.

Halafu akaja mteja anataka Yesu wa sebuleni, na kanuni ikatuvunjikia mikononi. Alituletea kalenda ya kuigizia. Ni picha ileile iliyokuwa kwa bibi, na nadhani nusu ya nyumba za Kichaga zimewahi kuwa nayo: Yesu anatazama pembeni, nywele zimemwagika hadi mabegani, ndevu laini, mwanga unatoka mahali usipopaona. Miaka mingi baadaye ndipo nilijua ina mwenyewe. Ilichorwa mwaka 1940 na Warner Sallman, Mmarekani wa Chicago, kutokana na mchoro wake wa mkaa wa mwaka 1924, na nakala zake zimechapwa kwa mamia ya mamilioni. Kilichonichekesha ni kwamba Wamarekani wenyewe waligombana juu yake kwa jambo lilelile lililomkwamisha baba mdogo. Wapo waliomsifu Sallman kwamba hatimaye amewapa Kristo mwanaume kamili. Wapo waliosema huyu ni mlaini mno, mwanamke aliyebandikwa ndevu. Kidevu ni kilekile.

Baba mdogo aliishika ile kalenda kwa muda mrefu, akaigeuza hata upande wa tarehe. "Mwanangu," akasema, "huyu ana taya na ana shingo. Chora vyote, halafu tutatubu."

Kazi yangu ya kwanza ya kanisani nikiwa peke yangu ilikuwa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Niliiga ile inayojulikana na Wakatoliki wengi, ambayo chimbuko lake ni picha ya Pompeo Batoni ya mwaka 1767 iliyoko kanisa la Gesù kule Roma: Yesu ameushika moyo wake mkononi, macho ya huruma, vidole vyembamba kama vya mtu aliyebeba yai. Siku ya pili akaja katekista. "Fundi, mbona huyu kama dada?" Nikaongeza ndevu. Akarudi na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Nikaongeza nyingine, nikanenepesha na shingo. Kufikia siku ya nne Yesu wangu alikuwa amefanana na konda wa basi la Arusha, na akina mama waliokuja jioni kusali Rozari wakamtazama wee, kisha mmoja akasema, "Huyu huwezi kumwambia."

Neno hilo lilinikaa. Huyu huwezi kumwambia. Kamati, iliyokuwa ya wanaume watupu, ilitaka Yesu wa kuwaongoza. Akina mama walitaka Yesu wa kumweleza mambo ya nyumbani. Na wote walitaka nimpate kwenye uso mmoja wa sentimita arobaini. Niliacha ndevu zilivyo, nikavirudisha vidole vyembamba. Wanaume wakautazama uso, wanawake wakaitazama mikono, na mimi nikalipwa. Tangu hapo, uso ukigombaniwa huwa nahamishia mazungumzo mikononi.

Swali la nywele lilikuja kwa njia nyingine. Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza walikuwa wananizunguka wakati wa mapumziko, na binti mmoja wa darasa la tatu, kichwa kimenyolewa kama wenzake wote wa shule ya msingi, akataka kujua kwa nini Yesu anaruhusiwa kufuga nywele na yeye haruhusiwi. Kaka yake akadakia na Paulo: si aliwaandikia Wakorintho kwamba mwanaume kuwa na nywele ndefu ni aibu? Nikabaki na brashi yangu hewani.

Swali nikampelekea Sista mmoja mzee aliyewahi kufundisha sanaa. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha, kizito kama tofali la inchi sita. Akanifungulia makatakombe ya Roma, yale makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kale. Kwenye picha za karne ya 3, Mchungaji Mwema ni kijana asiye na ndevu, nywele fupi, kondoo mabegani, kanzu fupi. Akafungua Ravenna, kule Italia, mozaiki ya karne ya 6 katika kanisa la San Vitale: Kristo amekalia mpira wa buluu, uso laini kama mvulana wa kidato cha pili. Kisha ikoni ya monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, nayo ya karne hiyohiyo ya 6: ndevu, nywele ndefu, jicho moja la upole na jingine kali. Ndevu kama zile, Sista alinieleza, ndizo walizochorwa nazo wanafalsafa na miungu wakubwa wa Wagiriki na Warumi. Mtu wa zama hizo akiziona anajua huyu ni mwenye mamlaka. Kumbe nao walikuwa na kibao chao cha kinyozi.

Nilipomwambia yule binti kwamba zamani Yesu alichorwa na nywele fupi pia, alifikiri kidogo, akauliza, "Alikuwa bado yuko shule ya msingi?"

Sasa niseme habari ya suruali, maana haitengani na haya. Juu ya jukwaa huvai sketi. Waliosimama chini wana macho. Lakini mzee mmoja wa kamati alipinga mwanamke kuvaa suruali mbele ya altare, tena akiwa anamchora Bikira. Kikao kikaitwa. Paroko, kwa kutafuta amani, akashauri nifunge kanga juu ya suruali. Nilifunga siku moja tu. Kanga ikanasa kwenye msumari wa mrunda nikabaki nimening'inia kama koti la mtumba Kiboriloni. Kuanzia hapo kanga ilikaa kwenye ngazi, na mimi nikapewa jina: Mama Suruali.

Inafaa nimtaje hapa Malaika Mikaeli, kwa sababu mzee yuleyule ndiye aliyemwagiza. Alileta kadi ya sala yenye ile picha ya Guido Reni, ya miaka ya 1630, ambayo iko kanisa la Wakapuchini kule Roma. Nadhani kila mtu ameiona: Mikaeli uso wa binti, mashavu mekundu, mguu juu ya kichwa cha Shetani, na nguo ya askari wa Kirumi inayoishia juu ya magoti. Ndevu na misuli ya kizee kapewa Shetani. Nilimchora hivyohivyo. Mzee alifurahi, akanipa na maparachichi. Mwanaume wa sketi fupi akapita pale bila swali hata moja. Aliyeitiwa kikao ni mwanamke wa suruali.

Sista aliposikia jina langu jipya alicheka hadi akakohoa, akafungua ukurasa wa Michelangelo. Hukumu ya Mwisho, ukuta wa Kikanisa cha Sistina uliomalizika mwaka 1541: Kristo hana ndevu, kifua kama cha mbeba magunia, na watakatifu kadhaa walikuwa uchi kama walivyozaliwa. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukakataza picha za kanisani zenye kuamsha tamaa. Mwaka uliofuata ikaamriwa wafunikwe. Aliyepewa kazi hiyo ni Daniele da Volterra, mchoraji wa maana kabisa na rafiki wa Michelangelo mwenyewe. Warumi wakambandika jina Il Braghettone, yaani mshona suruali, na amekufa nalo. "Una mwenzako," Sista akaniambia.

Nilicheka. Sikujua kwamba nami zamu yangu ya kuvisha watu inakuja.

Ilikuja kwenye kigango kingine, walipotaka Familia Takatifu. Nilipendekeza Maria akimnyonyesha Mtoto. Sikuwa nimebuni kitu: katika katakombe ya Prisila mna mama mwenye mtoto kifuani, picha ambayo wengi huihesabu miongoni mwa za kale kabisa za Maria, na Ulaya walimchora akinyonyesha waziwazi kwa karne nyingi, mpaka baada ya Trento zikaanza kuadimika. Mchoro wangu wa penseli ukazungushwa kwenye kamati. Wakati huohuo, benchi la tatu, kulikuwa na mama ananyonyesha, kanga imeshuka, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Mchoro ulikataliwa kwa kauli moja. Mwenyekiti aliniambia kwa upole, "Mama huyo tunamwona kila Jumapili. Ukutani tuwekee tusiyemwona."

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Siku hizi namwona yule mwenyekiti kama mtu aliyekosea uamuzi lakini akaelewa picha ni nini kuliko mimi. Nilimfunika Maria hadi shingoni, kwa buluu.

Yosefu wa picha hiyohiyo ndiye aliyenipa kazi zaidi. Wababa walimtaka kijana, seremala mwenye misuli, si yule babu wa kwenye kadi za Noeli. Mfano nikampata mtaa wa Pasua, mjini Moshi: fundi wa vitanda, miaka thelathini hivi, mabega ya mtu anayepiga randa kutwa. Nilipoonyesha mchoro, meku mmoja, yaani mzee, wa miaka kama themanini akasimama na mkongojo wake. "Ukimweka kijana mzuri hivi karibu na Bikira," alisema, "watu watauliza maswali." Watu waliangua kicheko. Yeye alikaa chini bila kucheka.

Meku yule hakujua kwamba amesema neno ambalo wachoraji walilifuata kwa karne nyingi. Kuna andiko la karne ya 2, liitwalo Injili ya Awali ya Yakobo, ambalo halimo kwenye Biblia. Humo Yosefu ni mzee mjane mwenye watoto wakubwa. Wachoraji wakamtia mvi, wakamsogeza pembeni ya hori, mara nyingine wakamlaza usingizi kabisa, ili pasiwe na wa kuutilia shaka ubikira wa Maria. Heshima ya mke ikalindwa kwa kumzeesha mume. Kisha nyakati zikabadilika, Kanisa likamhitaji baba anayeamka asubuhi kwenda kazini, na mvi zikaanza kupungua. Murillo wa Hispania, karne ya 17, tayari alikuwa anamchora kijana mwenye nywele nyeusi. Mwaka 1870 Papa Pius IX akamtangaza msimamizi wa Kanisa lote. Mwaka 1955 Pius XII akamwekea sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi, Mei Mosi. Babu anayesinzia huwezi kumsimamisha Mei Mosi.

Tulipatana ndevu nyeusi na mvi kidogo juu ya masikio. Meku akaridhika na mvi, wababa wakaridhika na mabega. Lakini kilichonibaki ni fundi wa vitanda alipopanda kuja kujiona. Alisimama mikono nyuma, muda mrefu. "Umenipa mtoto," akasema. Nilikuwa nimemchora amempakata Mtoto Yesu kifuani. Yeye ana watoto watatu, na akaniambia, bila aibu wala fahari, kwamba hajawahi kumbeba hata mmoja barabarani. Angeonekanaje? Akaendelea kutazama mikono yake pale ukutani, jinsi ilivyoukaa mgongo wa mtoto. Sijui kama alianza kuwabeba. Sikumwuliza.

Mama yangu ni Mlutheri, baba Mkatoliki, kwa hiyo nimekula kwa pande zote mbili. Kwa Walutheri picha ni chache, ila ukiitwa unaitwa kwa hoja. Mama mchungaji wa usharika mmoja (KKKT ilianza kubariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na huyu hakuwa mbali sana na wale wa mwanzo) alitaka Maria Magdalena, akaniwekea sharti moja: "Usimchore analia."

Nilikwenda kutafuta mfano wa Magdalena asiyelia, na nilitafuta sana. Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, alimwunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi wa Injili ya Luka, na wachoraji wakapata ruhusa waliyoitamani: nywele zimefumuliwa, bega wazi, machozi, chupa ya manukato. Titian alimchora hana nguo ila nywele zake, macho juu mbinguni. Donatello alimchonga kwa mti, kizee aliyekauka kwa toba, na huyo angalau anatisha. Lakini kwenye Injili ya Yohana, sura ya 20, mwanamke huyu ana safari: ametumwa awaambie wanaume habari. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 kuwa sikukuu, daraja moja na Mitume.

Nilimchora ameingia mlangoni, amejifunga kibwebwe, vumbi hadi magotini, mdomo wazi katikati ya neno. Wanaume kumi na mmoja wamekaa. Petro anajikuna kidevu. Mzee wa kanisa alisimama mbele yake akasema, "Mbona anafoka?" Mama mchungaji akajibu, "Anahubiri." Nilipopitia kazi zangu zote za nyuma usiku ule kichwani, sikukuta mwanamke hata mmoja niliyemchora mdomo wazi.

Kwenye kitabu cha Sista kulikuwa na kurasa chache za Afrika, na hapo nikamkuta mtu wa kwetu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyesoma Makerere, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la Murang'a huko Kenya: Yesu Mwafrika, katikati ya vilima vya Wakikuyu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Ndiye mwenye ule usemi kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Mimi niliyejifunza kwa kalenda nilijisikia nimeshikwa shati. Marangu kwa daladala hata saa moja haifiki.

Kazi iliyofuata ilikuwa Kupashwa Habari, malaika Gabrieli mbele ya Maria. Desturi ya Ulaya inamtaka Gabrieli ashike yungiyungi, ua la usafi wa msichana. Waumini wangu wangedhani ametoka kupamba harusi. Nikamshikisha isale. Asiyekuwa Mchaga aelewe: isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na mtu aliyekukosea au mwenye shida nzito akija nalo mkononi, huwezi kumfukuza. Nilimchora malaika amepiga goti moja, jani mbele, na Maria amesimama. Nilijiandaa kwa maelezo marefu. Sikupata nafasi ya kuyatoa. Meku mmoja aliyekuwa amekuja kuangalia mabati alivua kofia, akasema, "Kumbe Mungu anaomba."

Nimekaa na sentensi hiyo kuliko kurasa zote za kile kitabu. Kwenye picha nyingi nilizoona, msichana ndiye anayeinama na malaika ndiye mwenye mamlaka. Anayekuja ni mwanaume, anayepokea ni mwanamke, basi. Jani moja la mpakani lilitosha kuwafanya wabadilishane nafasi, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu anayejua isale anajua mwenye uamuzi ni yule anayeletewa.

Nirudi sasa juu ya mirunda, kwa wale akina mama watano.

Hawakuwa kitu kimoja. Mmoja, mwembamba, aliwauliza wenzake nepi za Yesu zilifuliwa na nani, malaika? Mwingine akasema Nazareti hapakuwa na wafanyakazi wa ndani. Nilianza kupata nguvu. Ndipo mama wa ndoo akaiweka ndoo chini, akainua mikono yake miwili hadi usawa wa uso, kama mtu anayeonyesha haina kitu.

"Hii naishinda nayo kutwa," alisema. "Nikija hapa nataka kupumzika nayo."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani nawapa heshima, nawaambia mikono yenu nayo ni mitakatifu. Yeye alitaka kuona mwanamke mmoja duniani ambaye amepumzika. Hata sasa sijui ni nani kati yetu alikuwa na haki zaidi, ila najua nani kati yetu analima.

Paroko aliniita sakristia. Alikuwa mpole, na malipo ya nusu ya pili yalikuwa bado. "Fundi, ifanye iwe ya heshima." Nikapanda, nikaifunika mikono ya bibi yangu kwa muda usiozidi nusu saa. Vidole vyembamba, vya kushika yai.

Nilikwenda kwa Sista nikiwa na hasira ya kutosha. Hakunipoza. Alifungua Pietà, sanamu ya marumaru ambayo Michelangelo aliimaliza akiwa kijana, mwaka 1499, akaniambia nitazame magoti. Mimi nilitazama uso: Maria ni binti mdogo, mdogo kuliko mwanaye aliyekufa. Watu walimwuliza Michelangelo kuhusu hilo hata enzi zake, naye akajibu kwamba wanawake safi hawachakai upesi. Jibu la kiume kabisa, nilisema. "Tazama magoti," Sista akarudia. Nikatazama. Mwanaume mzima amelala mapajani mwake na wala hajayumba. Mwanamke yule akisimama angempita kila mtu kwa kichwa na mabega. Mwili ule mkubwa wote umefichwa ndani ya mikunjo ya nguo, na juu yake kumewekwa uso wa msichana ili tusishtuke.

Tangu siku hiyo wanawake wangu nawavika vitenge vipana. Chini ya kitambaa nawapa mabega ya kubebea mkungu wa ndizi na mapaja ya kupanda mlima, nayachora kwanza kwa mkaa, halafu navisha. Hakuna kamati iliyowahi kulalamika. Kuna siku najiona mjanja, na kuna siku nasema huu ni woga tu uliovaa kitenge.

Mwaka jana nilirudi kwenye kigango kile, kwa Kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Ukuta umekaa vizuri, ila mkono wa kulia una tatizo. Ule wa chini, wa bibi, niliuchora kwa rangi ya mafuta. Ule wa kuufunika, kwa haraka na kwa hasira, niliupaka emulsheni, bila hata kupiga msasa. Fundi yeyote wa Mbuyuni angekwambia haitashika. Na kweli, imebanduka kwenye vidole viwili. Kifundo cha bibi kimetoka nje, na mstari mweusi wa utomvu unaonekana hadi benchi la nne, nilikokuwa nimekaa. Niliona aibu ya kifundi, ile ya kuona kazi mbovu yenye jina lako. Lakini Misa nzima sikuutoa macho.

Katekista ni mpya, kijana. Alinifuata nje baada ya Misa, akaniamkia, akaomba nije nipakarabati pale. Nikamtajia gharama ya mirunda, ya kupandisha jukwaa, ya kukwangua na kupaka upya. Akaguna, akasema basi wangojee mavuno ya kahawa.

Kahawa ya mwaka huu, nasikia, haikuzaa.